Sahani Nyeupe kwenye Maji ya Tana

Nazungumza nawe msikilizaji, popote unaponisikiliza jioni hii: Garsen mjini, Minjila, Tarasaa, Ngao, Idsowe, hata kule Kipini ambako mto Tana unayakabidhi maji yake kwa bahari. Leo nazungumzia taa. Najua ukisikia taa utafikiria ile ya sola iliyo juu ya kabati, au kurunzi ya kumulika njia usiku usije ukakanyaga nyoka. Taa ninayoitaja mimi ni ya LED pia, ila hii inamulika ndani ya maji ya chumvi, ndani ya tangi la kioo, katika chumba cha kijana wa hapa hapa kwetu anayefanya kazi Doha.

Kijana huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na nilimfundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne kabla sijastaafu. Miezi miwili iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo mjomba. Nina swali la darasani." Nikamjibu marahaba, uliza. Akaeleza kwamba tajiri wake amenunua tangi jipya la samaki, na lile la zamani amempa yeye pamoja na mawe na mchanga wake. Lina urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kina cha 50. Anataka kufuga matumbawe humo, vile vipande vidogo vinavyooteshwa na wafugaji na kuuzwa madukani, na kilichobaki ni taa. Dukani ameonyeshwa mbili. Ya kwanza ni nyeupe, ukiiwasha ni kama jua la saa sita. Ya pili inatoa buluu iliyokolea kama ya ukumbi wa harusi, na bei yake ni maradufu. "Mjomba, hii nyeupe naiona ina nguvu zaidi, na ni rahisi. Nichukue?"

Nikamuuliza: unaikumbuka sahani?

Kila mwaka niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu mtoni, karibu na daraja, na sahani nyeupe ya bati tuliyoitoboa matundu matatu na kuifunga kamba yenye mafundo. Kutoka fundo hadi fundo ni shubiri moja. Mwenye mtumbwi aliwachukua wawili wawili, hatua chache tu kutoka ukingoni, kwa maana mamba wa Tana hawana mchezo. Mwanafunzi aliishusha sahani polepole, na kazi yake ilikuwa kusema "imepotea" pale asipoiona tena. Mto ukiwa umejaa baada ya mvua za bara, neno hilo lilitoka kabla fundo la kwanza halijazama. Wakati wa kiangazi, maji yakitulia, tulifika mafundo mawili, mara chache matatu. Hakuna mwaka tuliopita hapo.

Ujuzi huo si wangu. Padre Angelo Secchi, mtaalamu wa nyota wa Roma, alishusha sahani za namna hiyo katika bahari ya Mediterania mwaka 1865 akiwa ndani ya meli ya Papa, na mpaka leo wanaochunguza maziwa na bahari duniani kote wanatumia sahani inayobeba jina lake. Niliipenda kwa kuwa haitaki umeme wala pesa. Inataka jicho na subira.

Mwaka wa mpwa wangu, yeye ndiye aliyeshika kamba. Na mwaka huo tulibahatika kupata basi la kutupeleka Watamu, wakati wa kaskazi, bahari imetulia. Tulikwenda na sahani ileile na kamba ndefu zaidi, ya mita sita. Tukiwa ndani ya mashua aliishusha, akashusha, akashusha, kisha akageuka kunitazama. "Mwalimu, kamba imekwisha na bado naiona."

Siku ile alijifunza jambo ambalo muuza duka wa Doha hakumwambia. Maji hula mwanga, na kila maji yana ulaji wake. Ukichagua taa ya matumbawe, kwa hakika unachagua tumbawe lako liishi katika maji gani na kina gani. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya bei na kabla ya wati.

Tumbawe ni mnyama. Wengi wetu hulitazama tukaona jiwe, na nyumba za Waswahili za zamani, za Lamu na za Gede, zilijengwa kwa mawe hayo kweli. Lakini jiwe lile ni mifupa tu. Mwenyewe ni kiumbe laini, kidogo, mwenye mdomo na mikono myembamba, na ndani ya nyama yake amewapangisha wenzake: mwani wa chembe moja moja, mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo unatumia mwanga kutengeneza sukari, usanisinuru uleule wa mhindi na mwembe, kisha unampa mwenye nyumba sehemu kubwa ya sukari hiyo. Kwa matumbawe mengi ya maji ya kina kifupi, hadi tisa ya kumi ya nguvu zake inaweza kutoka kwa mpangaji huyu. Kwa hiyo mwanga kwa tumbawe ni chakula. Anayefuga ng'ombe huuliza kwanza malisho, na Waorma wanaonisikiliza wanajua kwamba si kila nyasi ni malisho.

Sasa malisho yenyewe. Mwanga wa jua una rangi zote za upinde wa mvua, na maji ya bahari safi huanza kula nyekundu. Ukizama mita kumi, nyekundu karibu yote imekwisha. Chungwa na njano hufuata. Inayofika mbali kuliko zote ni buluu, ndiyo maana bahari ya kina inaonekana hivyo. Matumbawe na mwani wao wamekaa chini ya buluu hiyo kwa mamilioni ya miaka na wamezoea kuila. Wapimaji huhesabu rangi kwa urefu wa wimbi lake, na kwa matumbawe sehemu yenye manufaa zaidi ni kuanzia karibu nanomita 400, ambayo ni zambarau, hadi 500, ambapo buluu inaanza kuingia kijani.

Hapa nataka turudi kwenye Tana, kwa sababu kuna jambo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Ukifuata mwamba wa matumbawe wa Kenya kutoka Vanga na Shimoni, utapita nao Diani, Mombasa, Kilifi, Watamu mpaka Malindi. Halafu unakatika. Mbele ya ghuba ya Ungwana, ambako Tana inamwaga maji yake, mwamba haupo. Unaanza kuonekana tena hapa na pale ukifika visiwa vya Lamu na kuendelea Kiunga. Utotoni niliambiwa mto unayaua matumbawe kwa maji baridi ya bara. Sababu ni kubwa kuliko hiyo. Maji yasiyo na chumvi hayaafiki matumbawe, ni kweli. Tope nalo huanguka juu yao na kuwaziba. Lakini zaidi ya hapo, Tana inaiba mwanga, na inaiba rangi ileile wanayoihitaji. Majani na mizizi iliyooza kutoka misitu na mabwawa ya delta huyapa maji rangi ya chai, na maji ya rangi ya chai hula buluu kwanza. Ndiyo maana ukizamisha mkono Tana, kabla haujapotea unauona umegeuka kahawia na nyekundu. Anachobakiza mto ndicho ambacho tumbawe halina haja nacho.

Sisemi hivyo kuulaumu mto. Kamba wanaovuliwa Ungwana wanataka tope hilohilo, mikoko inalitaka, mpunga wetu na maembe ya Ngao yanalitaka. Delta ya Tana imeandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2012, hekta 163,600, kwa ajili ya uhai unaotokana na maji haya ya kahawia. Kila kiumbe na maji yake.

Nilimwambia mpwa wangu pia kwamba tangi la kioo linaweza kugeuka Tana ndogo. Chakula cha samaki na kinyesi chao, vikioza, huyafanya maji yawe manjano kidogo kidogo, na mwenye tangi hagundui kwa kuwa anayatazama kila siku. Taa ni ileile, ila buluu haifiki chini. Weka karatasi nyeupe nyuma ya tangi ulinganishe. Badilisha maji, tumia mkaa maalumu wa kuchujia. Mtu anaweza kununua taa ya pili ya bei kubwa wakati ugonjwa ni maji machafu.

Tuje kwenye ile taa nyeupe ya dukani. Macho yetu yanaona vizuri zaidi rangi iliyo kati ya kijani na njano, na kipimo cha lumeni kinachoandikwa kwenye boksi kimetungwa kufuata macho ya binadamu. Taa ikitoa njano na kijani kwa wingi, lumeni zinapanda, sisi tunasema ina nguvu, na tumbawe linalala njaa. Ile ya buluu, ambayo mpwa wangu aliiona hafifu, inaweza kuwa inamwaga chakula mara mbili. Jicho si shahidi wa kutegemewa hapa, na nilimsihi alikubali hilo kabla ya kutoa riyali hata moja.

Kuna historia nzuri ndani ya buluu hiyo. Taa ya LED nyekundu ilikuwapo tangu mwaka 1962. Buluu ndiyo iliyowashinda watu kwa miaka thelathini, mpaka Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipoipata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Pasipo buluu hiyo hata nyeupe isingekuwapo. Ile taa ya sola juu ya kabati lako, msikilizaji, ndani yake kuna chipu ya buluu iliyopakwa unga wa njano, na rangi hizo mbili zikichanganyika jicho linasema nyeupe. Siku moja ikiwa imezimwa, itazame kwa karibu, utauona unga wenyewe. Kwa hiyo mama anayemsomesha mtoto usiku Idsowe na tajiri anayefuga matumbawe Doha wanatumia uvumbuzi mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja anataka unga wa njano na mwingine hautaki.

Nilimwambia achukue ile ya buluu, kwa sharti kwamba iwe na nyeupe kidogo ndani yake na kila rangi iwe na swichi yake. Buluu iwe ndiyo kubwa. Nyeupe aiweke kiasi cha kumwezesha kuwaona samaki wake na kugundua ugonjwa, maana chini ya buluu tupu kidonda hakionekani. Nyekundu na kijani ni chumvi kwenye mchuzi. Faida nyingine atajionea mwenyewe: matumbawe mengi yana rangi ndani ya nyama zinazopokea buluu na kuirudisha kijani au chungwa, yanawaka kama makaa. Hilo la kupendeza ni zawadi tu, halikuwa sababu ya kununua.

Halafu kuna wingi. Mtu wa matumbawe hapimi mwanga kwa lumeni, na wala si kwa wati. Anatumia kipimo kiitwacho PAR, kinachohesabu chembe za mwanga zinazofaa kwa usanisinuru zinazoangukia eneo fulani kwa kila sekunde. Jua la adhuhuri hapa Garsen, mbingu ikiwa wazi, hufika kama 2,000. Matumbawe laini, yale yanayocheza na maji kama kitambaa, yanatosheka na 50 hadi 150. Yale ya mawe yenye matawi, yanayoishi juu ya mwamba mawimbi yanapovunjika, hutaka 200 hadi 350. Kuanzia hapo unaona kwamba huwezi kuuliza "taa gani nzuri" kabla hujasema unafuga nini. Mpwa wangu hakuwa amesema. Nilipombana akasema anapenda yote. Nikamwambia aanze na laini, mwaka mzima, chini na katikati ya tangi, na yale ya matawi ayasubiri.

Maboksi yana uongo mwingi wa wati. Taa imeandikwa 300, ukiichomeka kwenye kifaa cha kupimia umeme inakula 120. Wauzaji wanahesabu kile ambacho kila chipu ingeweza kula ikisukumwa hadi mwisho, si kile inachokula. Mwuzaji mwaminifu anaweza kukuonyesha mchoro wa PAR: hapa katikati kiasi gani, hapa pembeni kiasi gani, katika kina cha sentimita ngapi. Akikosa mchoro huo, nenda duka jingine. Na uuangalie ule wa pembeni hasa. Tangi la sentimita 90 likiwekewa taa moja kali katikati, katikati panaungua na ncha mbili ziko gizani, kama jiko la mkaa chini ya sufuria pana. Mimi nilimshauri taa mbili za kadiri badala ya moja kubwa, ziinuliwe sentimita 20 hadi 25 juu ya maji. Zikiinuliwa hivyo mwanga unatawanyika, vivuli vinapungua, na manyunyu ya chumvi yanayorushwa na viputo hayazifikii kwa urahisi. Chumvi ndiyo muuaji wa taa hizi. Chipu zenyewe husemwa zinadumu saa 50,000, ambazo kwa saa kumi kila siku ni zaidi ya miaka 13. Lakini kifeni cha kupoza na nyaya hazifiki huko. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa juu ya kutu.

Alinunua mbili, akazifunga vizuri, akaweka vipande vyake vya matumbawe. Siku ya tano akanitumia picha. "Mjomba tazama, yanaanza kung'aa meupe." Alifurahi. Mimi moyo ulinishtuka.

Wasikilizaji wenye umri wangu wanaikumbuka El Niño ya mwaka 1997. Mwishoni mwa mwaka ule Tana ilivunja kingo, matuta ya mradi wa mpunga wa delta yakabomoka, na vijiji vikahamia kwenye miinuko. Tulihesabu hasara zetu na hatukujua kwamba bahari nayo ilikuwa inajiandaa kwa zake. Mwanzoni mwa mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya Malindi, Watamu na kwingineko pwani yakageuka meupe. Watalii wengine waliyapiga picha wakidhani ni urembo. Weupe ule ulikuwa mifupa ikionekana kupitia nyama iliyobaki tupu. Joto na mwanga vikizidi, mwani ule mpangaji huharibikiwa, unaanza kutoa oksijeni ya sumu badala ya kulisha, na tumbawe halina njia ila kumfukuza. Likimfukuza limebaki bila mpishi. Katika sehemu nyingi za mwamba wa Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe yalikufa mwaka ule, na hayo ni ndani ya Hifadhi za Bahari za Malindi na Watamu pia, ambazo zimelindwa tangu mwaka 1968. Ulinzi dhidi ya nyavu haukuweza kuzuia joto.

Nikampigia simu palepale. "Mjomba, taa umeziweka asilimia ngapi?" Tulivyozoea, mimi namwita mjomba na yeye ananiita mjomba. Akasema themanini, kwa sababu taa ni mpya na asilimia ishirini ilionekana ni kupoteza pesa. Nikamwambia ashushe hadi ishirini saa ileile, aache wiki, apandishe tano, aache wiki nyingine. Vipande vile vilikuwa vimekaa dukani chini ya mwanga mdogo. Kuviweka ghafla chini ya themanini ni sawa na kumtoa mtoto mchanga ndani akaanikwa uwanjani Garsen saa saba mchana. Tumbawe likipata mwanga mdogo kupita kiasi huwa kahawia, kwa kuwa linaongeza wapangaji ili lipate chakula, na hilo unaweza kulirekebisha taratibu ndani ya miezi. Likipata mwingi, una siku chache. Kwa hiyo ukikosea, kosea upande wa giza.

Kuhusu saa za kuwasha, nilimtajia siku ya Garsen. Sisi tuko nyuzi mbili na kidogo kusini ya Ikweta, jua letu huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Matumbawe ya kwetu wanaijua siku hiyo. Taa iwake saa nne asubuhi kwa udogo, ipande hadi adhuhuri, ikae, ishuke jioni, na saa mbili usiku giza. Giza kamili, kwa kuwa viumbe hawa hutoa mikono yao kula usiku. Taa zenye programu ya simu zinafanya hayo zenyewe.

Hapo akaniuliza swali zuri kuliko la kwanza. "Mjomba, nikirudi nyumbani kwa majaaliwa ya Mungu, Garsen kuna jua la bure. Si niliweke tangi dirishani nisinunue taa?"

Alikuwapo mtu aliyefanya hivyo, naye aliishi karibu na Ikweta kama sisi. Lee Chin Eng wa Jakarta, mwaka 1961, aliwaeleza wafugaji wa samaki duniani jinsi alivyoweka mawe hai ya baharini, maji ya bahari, viputo vya hewa na jua la dirishani, basi. Matangi yake yalisitawi wakati Wazungu na Wamarekani wakihangaika na vichujio vyao. Ningependa kumwambia mpwa wangu ndiyo. Lakini tangi dogo la Garsen likipigwa na jua litapita nyuzi 30 kabla ya adhuhuri, na matumbawe mengi hutaka 25 hadi 27. Doha ana kipoza hewa usiku na mchana. Huko baharini kwenyewe, katika Ghuba, kuna matumbawe wanaovumilia maji ya nyuzi 35 wakati wa kiangazi, lakini hao ni watu wa kule, wamezaliwa na joto lao, na hawamo madukani.

Na umeme je? Mabwawa matano yako juu yetu kwenye mto huu: Kindaruma ya mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga ya mwaka 1981 na Kiambere ya mwaka 1988. Maji yanayopita chini ya daraja la Garsen yameshazungusha mitambo na kuwasha majiji kabla hayajatufikia, na mabwawa hayo yakifurika ni sisi tunaolala juu ya paa. Lakini stima ikipotea hapa kwetu inaweza kupotea mpaka kesho. Taa ya tangi ikizimika siku moja si neno, mawingu yapo hata baharini. Pampu ya maji na hewa ikizimika usiku mmoja wa joto, asubuhi utakuta harufu. Mwenye kutaka tangi la matumbawe Garsen aanze na betri na paneli za pampu. Taa ni ya mwisho katika orodha yake, na kwa kweli nisingemshauri aanze.

Wala asije mtu akasikia mazungumzo haya akaenda Malindi na nyundo. Ndani ya hifadhi za bahari huruhusiwi kuondoa hata ganda. Matumbawe yote ya mawe yako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hayavuki mpaka bila karatasi. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao mwaka 2005 baada ya kuona samaki wamekwisha, na miongoni mwa waliowamaliza walikuwa wanaokusanya samaki na matumbawe kwa ajili ya matangi ya ng'ambo. Taa nzuri ya mtu mmoja isiwe giza la mwamba mzima. Mpwa wangu nilimtaka aulize kila kipande kimetoka kwa mfugaji gani.

Nilimpa habari nyingine badala yake, na hii hakuijua ingawa amezaliwa nayo. Katika madimbwi ya mvua ya bonde la Tana, yale ambayo ng'ombe hunywa na kiangazi yanakauka yakapasuka, huishi samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, urefu wa kidole cha shahada. Dume ana rangi nyekundu na buluu kama kanga mpya. Dimbwi likikauka wote wanakufa, lakini mayai yamebaki ndani ya tope, yanangoja miezi, na mvua ikinyesha wanaanguliwa, wanakua upesi, wanataga kabla jua halijarudi. Ulaya kuna watu wanawafuga kizazi baada ya kizazi, wanatumiana mayai kwa posta ndani ya udongo wenye unyevu, na kwenye kila tangi wanaandika jina la mahali mbegu ilikotoka, ili damu isichanganyike. Majina ya Pwani ya Kenya yako kwenye rafu za nyumba za Wajerumani ambao hawajawahi kufika huku.

Samaki hao hawataki bahari, hawataki buluu, hawataki PAR 200. Wamezaliwa kwenye maji ambayo sahani yangu inapotea kabla ya fundo la kwanza. Nina watano nyumbani, ndani ya chombo cha kioo cha lita 20, na tope la palepale chini. Taa yao ni ya sola, ya wati tatu, nyeupe ya kawaida ya unga wa njano, na nimeifunika karatasi nyembamba kwa kuwa ilikuwa kali kwao. Chini ya mwanga huo mdogo dume akitandaza mapezi yake, wajukuu wangu huacha kula.

Ijumaa iliyopita mpwa wangu alituma picha nyingine. Pembe za vipande vyake zimeanza kurudi kahawia, na kimoja kimetoa mikono. Taa zake ziko asilimia thelathini na tano. Saa ya Doha na saa ya Garsen ni moja, kwa hiyo saa mbili hii ninapozungumza nanyi taa zake zinazimika. Mvua za bara zimeanza, na mto tangu jana umepanda. Kesho asubuhi nitaitoa ile sahani ukutani, niende nayo ukingoni na mjukuu wangu mkubwa ashike kamba.